Kampeni ya taulo za kike: Ushindi wa mtandaoni uliokwama dukani

Kila ifikapo Mei 28, simu za Afrika Mashariki hujaa picha za bangili nyekundu, wasichana wenye sare za shule na pakiti za pedi. Ni Siku ya Hedhi Salama Duniani, iliyoasisiwa na shirika la WASH United la Ujerumani na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Tarehe yenyewe ilichaguliwa kwa hesabu: mzunguko wa hedhi huchukua wastani wa siku 28, damu hutoka kwa wastani wa siku tano, na Mei ni mwezi wa tano.

Katika ukanda huu tarehe hiyo ina faida nyingine kwa waandaaji. Takribani wiki mbili baadaye, mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania husimama bungeni kusoma bajeti. Asasi inayotaka kodi iondolewe kwenye taulo za kike hupata nafasi ya kuwapigia kelele wakubwa wakati masikio yao yakiwa wazi.

Kwa wafanyabiashara wa mipakani, taulo za kike ni suala la haki ya mtoto wa kike na ni mzigo pia. Pedi ni nyepesi, haziozi, na mteja wake hurudi kila mwezi. Ni bidhaa ambayo mama mwenye mtaji mdogo anaweza kuivusha Namanga, Busia au Mutukula kwa katoni chache na kuiuza jioni hiyo hiyo. Kodi yake ikipanda au ikishuka upande mmoja wa mpaka, faida yake inaguswa upande wa pili.

Takribani miaka 20 ya kampeni hizi inaonyesha jambo moja. Asasi zimejifunza kuwashawishi wananchi na mawaziri kwa kutumia simu, lakini mara nyingi zimemsahau mtu aliye kati ya waziri na msichana, yaani yule anayenunua, anayesafirisha na anayeuza. Matokeo yake yamejirudia: kodi inaondolewa, bei haishuki kama ilivyoahidiwa, na lawama zinamwangukia mfanyabiashara. Tanzania ililipa gharama ya somo hilo kati ya mwaka 2018 na 2019.

Nchi nne, njia nne

Kenya iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kwenye taulo za kike mwaka 2004, mwaka ambao Facebook ilikuwa ndiyo kwanza inaanzishwa katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Kwa hiyo ushindi wa kwanza haukutokana na mitandao ya kijamii. Mitandao iliingia baadaye, katika madai ya hatua ya pili, yaani pedi za bure shuleni. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi yanayoitaka serikali kumpa taulo za bure, za kutosha na zenye ubora kila mwanafunzi wa kike aliyebalehe.

Sheria haikumaliza mjadala. Februari 14, 2023, seneta mteule Gloria Orwoba alitakiwa kutoka katika ukumbi wa Seneti jijini Nairobi kwa sababu suruali yake nyeupe ilikuwa na doa jekundu. Video ya tukio hilo ilisambaa kwa saa chache na kuvuka mipaka. Swali la kama sodo zinawafikia wanafunzi kweli likarudi mezani, miaka karibu sita baada ya sheria kutiwa saini.

Uganda ilipita njia ya mgongano. Katika kampeni za uchaguzi wa 2016, Rais Yoweri Museveni aliahidi pedi kwa wanafunzi. Februari 2017 Waziri wa Elimu na Michezo, Janet Museveni, aliieleza kamati ya Bunge kuwa fedha za kazi hiyo hazikuwapo. Dk. Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alianzisha mchango wa wananchi kupitia Facebook, akakusanya fedha na pedi na kuzipeleka shuleni. Aprili 7 mwaka huo alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 kwa maandishi yake yaliyomhusu Rais, na akakaa rumande hadi alipopata dhamana Mei 10.

Kukamatwa kwake kulifanya suala la pedi lijulikane kuliko kabla. Lakini kulibadilisha pia mada. Mazungumzo yalihama kutoka kwa msichana wa shule na kwenda kwenye lugha ya mwanaharakati na mipaka ya kumkosoa kiongozi. Hiyo ni hatari inayojulikana na kila anayeendesha kampeni mtandaoni: mwenye sauti kubwa akigeuka kuwa habari, hoja yake hubaki nyuma.

Rwanda iliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye pedi Desemba 2019, baada ya miaka ya ushawishi wa asasi, ikiwamo SHE inayotengeneza pedi kwa nyuzi za migomba. Huko nako malalamiko kwamba bei bado ni kubwa yaliendelea baada ya kodi kuondoka.

Jinsi simu inavyogeuka kuwa jukwaa

Njia zinazotumiwa na asasi hizi zinafanana kutoka Kisumu hadi Kigali, na mfanyabiashara anayeuza kwa WhatsApp atazitambua mara moja.

Ya kwanza ni kulifanya jambo kubwa lionekane dogo. Umaskini wa hedhi ni neno zito. Pakiti moja, msichana mmoja, mwezi mmoja ni jambo ambalo mtu aliye kwenye daladala au matatu analielewa kabla hajashuka kituoni.

Ya pili ni kumpa msomaji kazi inayokwisha ndani ya dakika moja: sambaza ujumbe huu, tuma mchango kwa namba hii, mtaje waziri huyu. Huduma za fedha kwa simu zimeifanya njia hii iwe na nguvu katika ukanda huu kuliko sehemu nyingi za dunia, kwa kuwa huruma ya mtu na pochi yake viko kwenye kifaa kimoja.

Ya tatu ni kuchagua msemaji. Msanii, mtangazaji au mbunge huwafikia watu ambao ripoti ya kurasa 60 haitawafikia kamwe. Kila nchi ina uwanja wake: Kenya mijadala ya sera huwaka X, Tanzania Instagram ndiyo yenye umati.

Ya nne ni takwimu fupi. Kwa miaka mingi kampeni zimerudia kuwa msichana mmoja kati ya kumi Afrika kusini mwa Sahara hukosa masomo wakati wa hedhi. Kauli hiyo imesafiri mno kwa sababu ni fupi na inauma, ingawa watafiti wamehoji chimbuko lake. Hedhi inawakosesha wasichana masomo, hilo halina ubishi. Lakini takwimu isiyo na mizizi imara humpa waziri upenyo wa kukataa hoja nzima kwa kukataa namba moja.

Njia zote nne zina shabaha mbili, moyo wa mwananchi na meza ya serikali. Hakuna hata moja inayopita kwenye ghala la muuzaji wa jumla.

Mwaka mmoja wa msamaha Tanzania

Juni 14, 2018, Waziri wa Fedha na Mipango wa Tanzania wakati huo, Dk. Philip Mpango, alilitangazia Bunge jijini Dodoma kwamba serikali inaondoa VAT kwenye taulo za kike. Asasi zilizokuwa zikidai hatua hiyo zilishangilia. Picha za pakiti zenye maneno ya pongezi zilienea Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa hesabu ya haraka, kodi ya asilimia 18 ilikuwa imeondoka, na wengi walitarajia bei ishuke kwa kiasi hicho hicho.

Haikushuka hivyo. Juni 13, 2019, waziri huyo huyo alisimama tena na kupendekeza kodi irudi kuanzia Julai mosi, kwa maelezo kwamba msamaha haukuwafikishia walaji nafuu ya bei iliyokusudiwa. Badala yake alitangaza kuwa wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo za kike watatozwa kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 25 badala ya 30 kwa miaka miwili.

Mitandao iliwaka tena, safari hii kwa hasira. Wanaharakati waliuliza kwa nini msichana aadhibiwe kwa kosa la muuzaji. Swali hilo lilikuwa na uchungu wa kweli, lakini ndani yake lilikuwa limekwishatoa hukumu: muuzaji ndiye mwenye kosa. Kilichosambaa zaidi kilikuwa lawama. Orodha za bei za Kariakoo, Mwanza au Arusha, za kabla ya msamaha na za baada yake, hazikuwa ndizo zilizobeba mjadala.

Hesabu ambayo haikuingia kwenye picha

Wapo wafanyabiashara waliobaki na nafuu hiyo mfukoni. Kusema hawakuwapo ni kujidanganya, na si Afrika pekee. Uingereza ilifuta VAT ya asilimia tano kwenye bidhaa za hedhi Januari 1, 2021, baada ya kampeni ndefu ya mtandaoni. Mwaka 2022 asasi ya Tax Policy Associates ilichambua bei za kabla na baada, ikakadiria kuwa angalau asilimia 80 ya nafuu hiyo ilibaki kwa wauzaji.

Lakini sehemu kubwa ya kilichotokea Tanzania inaelezwa na aina ya msamaha wenyewe, na hapa ndipo mfanyabiashara angewasaidia wanakampeni kama angeulizwa.

Kuna njia mbili za kuondoa VAT kwenye bidhaa. Ya kwanza ni msamaha. Bidhaa haitozwi kodi inapouzwa, lakini mtengenezaji hawezi kudai arejeshewe VAT aliyolipa kwenye malighafi, umeme na usafirishaji. Ya pili ni kutoza kwa kiwango cha sifuri. Bidhaa haina kodi inapouzwa, na mtengenezaji anarejeshewa kodi ya manunuzi.

Tofauti hiyo inaonekana kwa mfano wa hesabu rahisi. Kiwanda kinauza pakiti kwa Sh1,000, na VAT ya asilimia 18 inaifikisha Sh1,180. Katika kuitengeneza, kiwanda kilinunua vitu vya Sh600 na kulipa VAT ya Sh108 juu yake. Katika hali ya kawaida, kinakusanya Sh180 kwa mnunuzi, kinatoa Sh108 kilizolipa, na kupeleka Sh72 serikalini.

Msamaha ukija, kiwanda hakikusanyi Sh180, lakini Sh108 haziwezi kudaiwa tena. Zinageuka kuwa gharama. Ili kibaki na faida ile ile, kitauza Sh1,108. Bei ya kiwandani imeshuka kwa Sh72, sawa na asilimia sita hivi. Kwa kiwango cha sifuri, kiwanda kingerudishiwa Sh108 na kuuza Sh1,000. Bei ingeshuka kwa Sh180, zaidi ya asilimia 15.

Sasa zipeleke Sh72 hizo kutoka kiwandani hadi Namtumbo au Kibondo. Kwa mwenye duka anayeuza pakiti Sh2,000, kupunguza Sh72 maana yake ni kutafuta sarafu ambazo hana na mteja hazisubiri. Atapunguza Sh50, au ataacha bei ilivyo. Kwa aliyenunua mzigo Mei 2018 na kuulipia kodi, bei mpya ni hasara mpaka shehena ya zamani iishe. Na kama hajasajiliwa kwenye VAT, hana mahali pa kuidai kodi aliyokwisha kulipa.

Ongeza muda. Msamaha ulidumu mwaka mmoja wa fedha. Miezi 12 ni michache kwa soko kumaliza mzigo wa zamani, kwa waagizaji kubadili mikataba na kwa ushindani kusukuma bei chini.

Afrika Kusini ilifika kwingine kwa sababu iliuliza swali hilo mapema. Huko nako wanaharakati walipiga kelele mtandaoni kwa miaka, lakini serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Ingrid Woolard kupima bidhaa gani zitozwe VAT kwa kiwango cha sifuri. Mwaka 2018 kamati ilipendekeza bidhaa za hedhi ziingie kwenye orodha hiyo, na utekelezaji ukaanza Aprili 1, 2019. Katika mwaka ule ule, Tanzania ilikuwa ikirudisha kodi yake.

Mpaka unaopita katikati ya mtandao

Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka, kuna tatizo la pili ambalo kampeni za nchi moja moja haziligusi. Kuanzia Julai 2019, pedi zilitozwa VAT ya asilimia 18 zikiingia Tanzania huku Kenya ikiwa haitozi. Desemba mwaka huo Rwanda nayo ikaondoa, kwa hiyo Rusumo ikawa na kodi upande mmoja na msamaha upande mwingine. Tofauti ya namna hiyo ndiyo inayolisha njia za panya.

Wengi huchanganya hapa. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotumiwa na wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, humwondolea mtu ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hakimwondolei VAT. Mama anayefika Namanga na cheti mkononi akaambiwa alipe kodi si lazima awe ameonewa. Anakutana na sheria ya kodi ya nchi anayoingia, na sheria hiyo ndiyo kampeni ya Mei 28 inayotaka kuibadilisha.

Mfano mzito zaidi ulitokea Kenya mwaka 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza tozo ya mazingira kwenye bidhaa kadhaa, taulo za kike na nepi za watoto zikiwamo. Vijana waliuchambua muswada mtandaoni kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, na alama ya #RejectFinanceBill2024 ikawa mjadala wa taifa. Juni 18 kamati ya fedha ya Bunge ilitangaza kulegeza baadhi ya vifungu. Tozo hiyo isingehusu tena bidhaa zinazotengenezwa nchini, ingebaki kwa zinazoagizwa kutoka nje zikiwa tayari kwa matumizi.

Kwa mnunuzi wa Nairobi, hiyo ilikuwa nafuu. Kwa mfanyabiashara anayeingiza katoni kutoka Uganda au Tanzania, ilikuwa habari nyingine kabisa. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya inakataza nchi mwanachama kuitoza bidhaa ya jirani zaidi ya inavyoitoza ya kwake. Je, pedi zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya zingehesabiwa kuwa za nje? Katika kelele za wiki ile, swali hilo halikupata msemaji. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu waliuawa. Siku iliyofuata Rais William Ruto alikataa kuutia saini muswada mzima, na tozo ikafa pamoja nao. Lakini wazo la kuondoa mzigo kwa wa ndani na kuuacha kwa anayeingiza linaweza kurudi katika bajeti yoyote ya nchi yoyote.

Kampeni ya pamoja ya kikanda ingeweza kuliona hilo. Tatizo ni kwamba mtandao wenyewe umewekewa mipaka. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021. X ilizuiwa Tanzania Mei 2025. Uganda ilitoza Sh200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, kisha mwaka 2021 ikaibadilisha kuwa tozo ya asilimia 12 kwenye data. Asasi ya Kampala inayotaka kuzungumza na ya Dar es Salaam na Nairobi kwa ujumbe mmoja inakuta kila mji una mlango wake na kufuli lake.

Mahali ambapo wote hukutana bado ni WhatsApp. Na WhatsApp ya ukanda huu imejaa makundi ya wafanyabiashara: ya Kariakoo, ya Kikuubo jijini Kampala, ya Nyamakima jijini Nairobi, na ya mawakala wa forodha katika kila mpaka.

Daftari lina nguvu kuliko kufuli

Makundi hayo yamekwisha kuonyesha uwezo wake. Kariakoo ilifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 kupinga utaratibu wa kodi. Kampala ilifunga Aprili 2024 kwa sababu ya mfumo wa stakabadhi za kielektroniki, EFRIS. Mara zote serikali zililazimika kukaa mezani.

Kufunga duka kunaonyesha hasira. Kufungua daftari ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo inayokosekana katika kampeni za aina hii. Stakabadhi za EFD Tanzania, eTIMS Kenya na EFRIS Uganda, ambazo wengi wanazilalamikia, ndizo ushahidi wa bei ambao hakuna waziri anayeweza kuukataa, kwa kuwa zimo kwenye mfumo wake mwenyewe. Kama mwaka 2018 wauzaji wa jumla wa miji mitano tu wangepiga picha stakabadhi zao za Juni na za Septemba na kuziweka hadharani pamoja na asasi, mjadala wa Juni 2019 ungekuwa tofauti. Ingeonekana kodi imebaki wapi: kiwandani, kwa mwagizaji, kwa wa jumla au dukani. Na yule aliyekula nafuu angejulikana kwa ushahidi, badala ya sekta nzima kupakwa tope moja.

Asasi nazo zina sababu ya kubisha hodi kwa wafanyabiashara. Anayejua kwamba pedi za aina fulani zinarudishwa na wateja ni muuzaji. Anayejua kwamba mzigo wenye alama ya ubora ya nchi moja umezuiwa kupimwa upya nchi ya pili ni mvushaji. Jumuiya ina kiwango cha pamoja cha taulo za kike, EAS 96, na sheria yake ya viwango ya 2006 ilikusudia bidhaa iliyothibitishwa upande mmoja ipokelewe upande wa pili bila kupimwa upya. Kila siku mzigo unapokaa mpakani ikivunjwa nia hiyo ni gharama inayoishia kwenye bei anayolipa msichana. Kikwazo hicho kinaweza kuripotiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa COMESA, EAC na SADC wa vikwazo visivyo vya kiushuru, na ripoti moja yenye tarehe, kituo na nakala za hati huwa na uzito kuliko ujumbe elfu wenye alama za hasira.

Ushirikiano huo unahitaji tahadhari pande zote. Mei ni msimu wa michango, na ni msimu wa matapeli pia. Asasi halali imesajiliwa: kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Tanzania, kwa mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma iliyoanza kutumika Mei 2024 Kenya, na Wizara ya Mambo ya Ndani Uganda. Namba ya kupokea fedha huwa na jina la shirika, si la mtu. Katoni zikitolewa, hutolewa kwa hati yenye saini ya shule iliyozipokea. Na sura ya mtoto haiwekwi mtandaoni kwa sababu tu amepewa pakiti.

Kuna pia suala la wapi michango inanunuliwa. Kampeni nyingi hukusanya fedha nchi nzima, kisha hununua mzigo mkubwa kwa msambazaji mmoja wa mji mkuu na kuusafirisha kurudi wilayani. Mwanamke mwenye kibanda Sirari au Malaba huona pedi za bure zikipita mbele ya duka lake kwenda shule ambayo wazazi wake ndio wateja wake. Fedha hizo hizo zikinunua kwake, au zikinunua pedi za kufua zinazoshonwa Uganda na kwingineko katika ukanda, msichana anapata anachohitaji na duka linabaki wazi mwezi unaofuata, michango ikishakauka.

Kinachosubiriwa Mei ijayo

Madai ya pedi bila kodi yatarudi, kwa sababu tatizo halijakwisha. Yakirudi, kuna maswali matatu ambayo vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vinaweza kuyaweka mezani kabla picha ya kwanza haijasambaa. Kinachodaiwa ni msamaha au kiwango cha sifuri? Nani atarekodi bei kabla na baada, na katika masoko yapi? Nafuu hiyo itawahusu wa ndani tu, au itazihusu bidhaa zote zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya?

Kampeni isiyo na majibu hayo inaweza kupata wafuasi wengi na hata ikapata tangazo la waziri. Kisha mwaka utapita, bei itakuwa ile ile, na mtu atatafutwa wa kubeba lawama. Mwaka 2019 mtu huyo alikuwa mwenye duka, na hakuwa na hata stakabadhi moja mkononi ya kujitetea.